Volti Zipo, Muziki Hakuna

Anayejiundia amplifaya huweka akili yake yote kwenye bodi. Anauliza aisi ipi ina besi nzuri, transista zipi ni halisi, spika ziwe za omu ngapi. Pawa saplai inakuja mwishoni, tena kwa masalio: transfoma iliyong'olewa kwenye redio iliyokufa, kapasita mbili zilizokuwa zimelala ndani ya kopo la skrubu. Siku ya kuwasha, amplifaya ikivuma, ikikatakata sauti besi inapopanda, au ikichoma fyuzi kabla haijatoa hata mlio, lawama zote zinaiendea bodi. Aisi inabadilishwa, na hiyo mpya nayo inaungua. Kazi ya namna hii ikifika mezani kwangu, naanza kwa kuichomoa bodi na kuiweka kando kabisa. Mara nyingi kosa liko kabla ya bodi, na limeweza kujificha kwa sababu mita ilionyesha volti na mwenyewe akaridhika.

Mita haikudanganya. Iliulizwa swali dogo, ikajibu swali dogo: kuna volti ngapi wakati hakuna anayezitumia? Muziki unauliza jambo jingine, yaani zitabaki ngapi besi ikigonga, na zitakuwa safi kiasi gani. Kati ya maswali hayo mawili ndipo panapopotea aisi na pesa za watu.

Tuchukue mfano ambao fundi wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi hatahitaji kuelezwa mara mbili. Bodi ni mbili, kila moja ina aisi ya TDA7294. Transfoma ni ya duara, 24-0-24, ya VA 160. Baada yake kuna daraja la dayodi, kisha kapasita mbili za mikrofaradi 10,000. Pawa saplai hii inatoa upande chanya, upande hasi, na sifuri katikati. Ikitulia inaweza kukupa kama wati 50 kwa kila spika ya omu 8, na sebuleni hizo zinatosha kumkera jirani. Wenye amplifaya ndogo ya TDA2030 au kubwa ya transista nyingi wasidhani hawahusiki. Njia ni ileile, namba ndizo zinazobadilika.

Kwanza usalama, na sitazunguka. Umeme wa soketini ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na unaua. Waya wa ardhi, ule wenye kijani na njano, ufungwe kwa skrubu kwenye kasha la chuma, na usikatwe kamwe kwa ajili ya kuondoa mvumo. Wapo watakaokushauri uukate. Waache waongee. Halafu kuna hatari inayobaki hata plagi ikiwa nje ya soketi: kapasita ya mikrofaradi 10,000 iliyojaa volti 35 imebeba jouli 6 hivi, kiasi cha kuyeyusha ncha ya bisibisi na kukurushia vipande vya moto usoni. Desturi ya kuzimua kapasita kwa kugusisha miguu yake na bisibisi ni mbaya kwa kapasita na mbaya zaidi kwa macho. Tumia rezista ya omu 470 ya wati 5, iguse miguuni kwa nusu dakika, kisha pima uhakikishe. Afadhali zaidi uziache rezista za aina hiyo zimefungwa moja kwa moja kwenye pawa saplai, za kilo-omu chache, ili kazi hiyo ifanyike yenyewe kila ukizima.

Chombo cha pili baada ya mita ni balbu. Nazungumzia ile ya kizamani yenye uzi unaong'aa, ya wati 60 au 100, au ya halojeni iliyokuja kurithi umbo lake. Za LED na zile za kubana matumizi hazifai kwa kazi hii. Balbu inafungwa kwenye waya wa moto kabla ya transfoma, ili umeme wote unaokwenda kwenye mradi wako upitie kwake. Uzi ukiwa baridi ukinzani wake ni kama sehemu ya kumi tu ya ule wa ukiwa moto, kwa hiyo mzigo mdogo unapita bila shida na shoti inakwama hapo. Ukiwasha, balbu itawaka mara moja kapasita zinapojaa, kisha itafifia hadi karibu kuzima. Hiyo ni dalili njema. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, kuna shoti mbele, nawe umeigundua bila kuchoma hata fyuzi moja. Nimeona watu wakinunua fyuzi kumi ili kugundua kile ambacho balbu ingewaambia mara moja.

Sasa tuanze mwanzoni kabisa, transfoma peke yake, isiunganishwe na kitu. Pima umeme wa AC kati ya waya wa kati na kila waya wa pembeni. Utarajie zaidi ya 24, labda 26 au 27, kwa sababu namba iliyoandikwa ni ya transfoma ikiwa imebeba mzigo wake wote. Kisha pima kati ya waya mbili za pembeni. Hapa ndipo transfoma za duara zinapowatega watu, maana nyingi haziji na waya wa kati uliokwisha kutengenezwa. Zinakuja na koili mbili za kutolea, waya nne, na wewe ndiye unayeunganisha mwisho wa koili moja na mwanzo wa nyingine ili upate sifuri. Ukiunganisha sawa, pembeni hadi pembeni utapata volti 50 na ushee. Ukigeuza koili moja, utapata karibu na sifuri.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halizuii pawa saplai kufanya kazi. Ukiendelea na kufunga daraja na kapasita, mita ya DC itakuonyesha chanya na hasi zilizolingana vizuri kabisa. Lakini badala ya kapasita kujazwa mara 100 kwa sekunde, kila moja inajazwa mara 50, kwa kuwa koili zote mbili zinaijaza chanya kwa pamoja, kisha zinaijaza hasi kwa pamoja. Bila mzigo huoni kitu. Ukiweka muziki, viwimbi, yaani kuyumba kwa volti, vinakuwa maradufu na amplifaya inavuma bila sababu inayoonekana. Kipimo kimoja cha AC, pembeni hadi pembeni, kingemaliza shauri.

Kuna mtego mwingine wa transfoma za duara ambao hauna uhusiano na waya. Inafungwa kwa bolti ndefu inayopita katikati. Bolti hiyo ikigusa sakafu ya kasha kwa chini na mfuniko wa chuma kwa juu, kasha na bolti vinakuwa mzunguko mmoja wa waya mnene uliofungwa shoti kuizunguka transfoma. Mkondo mkubwa mno unapita humo. Dalili yake inachekesha kidogo: amplifaya inafanya kazi vizuri ikiwa wazi, ukifunga mfuniko fyuzi inakatika.

Tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo iliyoua aisi nyingi kuliko radi. Umeme wa AC ukipita kwenye dayodi na kujaza kapasita, volti za DC zinafuata kilele cha wimbi, yaani namba ya AC mara 1.414, toa kama 0.7 ya dayodi. Kwa 24 hiyo ni 33. Watu wengi wanaishia hapo na kununua kapasita za volti 35, kwani 35 si kubwa kuliko 33? Sasa ongeza uhalisia. Transfoma nyingi madukani zimeandikwa 220, nazo zinachomekwa kwenye 240. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 9, tumefika 26.2. Bila mzigo transfoma inapanda tena kama asilimia 8, tumefika 28.3. Mara 1.414, toa dayodi, unapata 39 na kitu. Kapasita ya 35 inaishi kwenye volti 39, inavimba kichwa, na siku moja inapasuka. Chukua za 50, na ukipata za 63 usisite.

Aisi nayo ina kikomo chake. TDA7294 imeruhusiwa kufanya kazi hadi chanya na hasi 40, kwa hiyo katika hesabu hii imesimama ukingoni kabisa, bado salama. Usithubutu kuipandisha kwa transfoma ya 30-0-30 kwa kuwa mtu kakwambia itatoa wati 100. TDA2030 ndiyo inayoonewa zaidi. Kikomo chake ni chanya na hasi 18, na ndugu yake mwenye herufi A mwishoni anavumilia 22. Bodi zake huuzwa na maelezo kwamba zinatumia transfoma ya 12-0-12. Fanya hesabu ileile: 12 inakuwa 13.1 kwa sababu ya 240, inakuwa 14.4 bila mzigo maana transfoma ndogo hupanda zaidi, na DC yake inakaribia 20. Isiyo na A imekwisha kuuawa kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Anayeuziwa nyingine anaambiwa ile ilikuwa feki. Huenda ilikuwa feki kweli, lakini hata ya kiwandani isingepona. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha aisi yoyote, pima DC bila mzigo na bila ile balbu, wakati umeme wa mtaani uko juu, mathalani usiku wa manane, kisha linganisha na kikomo cha aisi yako. Namba unayoipata hapo ndiyo ya kuogopa.

Dayodi hazina mengi. Zima, zimua kapasita, weka mita kwenye alama ya dayodi: upande mmoja isome kati ya 0.5 na 0.7, ukigeuza isisome kitu. Iliyopiga shoti inasoma sifuri pande zote. Iliyokatika ndiyo yenye hila, kwa sababu daraja lenye dayodi moja iliyokatika bado linatoa volti kamili bila mzigo, na upande huo mmoja unabaki ukijazwa mara 50 kwa sekunde tu.

Kapasita zinahitaji muda zaidi. Kazi yake ni ya simtanki juu ya paa: umeme kutoka kwenye dayodi unakuja kwa vishindo vifupi mara 100 kwa sekunde, na kati ya kishindo na kishindo amplifaya inakunywa kutoka kwenye akiba. Kina kinachopungua katikati ndiyo viwimbi, na hesabu yake ya haraka ni ampea ugawe kwa 100, kisha ugawe kwa faradi. Ampea 2 kwenye mikrofaradi 10,000 zinatoa viwimbi vya volti 2. Hizo zinavumilika. Ampea hizohizo kwenye mikrofaradi 1,000 zinatoa hesabu ya volti 20, maana yake pawa saplai imekwisha na muziki unakatakata. Ndiyo maana ile amplifaya inayoimba vizuri kwa sauti ya chini, kisha inapasuka sauti ukiongeza, mara nyingi haina ugonjwa wowote kwenye bodi.

Tatizo ni kwamba kapasita inaweza kuandikwa 10,000 na ndani isiwe nazo, ama kwa uzee ama kwa udanganyifu wa kiwandani. Huhitaji kifaa cha bei kubwa kulijua hilo. Pawa saplai ikiwa imejaa, chomoa plagi, funga rezista ya kilo-omu 1 ya wati 2 au zaidi kwenye kapasita, na uangalie mita huku saa ikiwa mkononi. Kama zile rezista za kuzimua zimekwisha kufungwa, zitoe kwanza. Volti zinatakiwa kushuka hadi asilimia 37 ya zilipoanza, mfano kutoka 36 hadi 13 na kidogo, kwa muda wa sekunde 10. Mikrofaradi elfu moja ni sekunde moja. Kati ya sekunde 8 na 12 usiwe na wasiwasi, hiyo ni tofauti ya kawaida ya kapasita hizi. Ikishuka kwa sekunde 4, umeuziwa mikrofaradi 4,000.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na wanaokifanya ni wachache. Nenda kwenye duka la vipuri vya magari, nunua balbu tatu za indiketa, za volti 12 wati 21. Zifunge mfululizo, moja baada ya nyingine, na uziunganishe kati ya sifuri na upande chanya. Sasa pawa saplai inabeba karibu ampea 1.7 halisi. Ile balbu ya usalama ya mwanzoni uiondoe kwa kipimo hiki, la sivyo yenyewe ndiyo itakayozila volti. Soma mita. Kushuka kutoka 38 hadi 34 ni kawaida ya transfoma ya ukubwa huu. Kushuka hadi 25 si kawaida: ama transfoma ni ndogo kuliko maandishi yake, ama kapasita ni tupu, ama dayodi imekatika, ama kuna kiungo cha risasi kilichopoa vibaya. Hamisha balbu kwenye upande hasi na urudie. Pande mbili zikitofautiana sana, tayari unajua upande wa kuchunguza. Ziache ziwake dakika kumi, kisha uzime, uchomoe plagi, uzimue kapasita, ndipo uguse kwa tahadhari kila kiungo na kila waya. Kinachochoma kidole bila sababu kina ukinzani ambao hakikutakiwa kuwa nao.

Wengi watataka kupima viwimbi kwa mita. Zile mita ndogo za manjano zinazouzwa kila mahali haziwezi. Kipimo chao cha chini kabisa cha AC ni volti 200, na baadhi yake ukiweka DC kwenye kipimo cha AC zinasoma zaidi ya mara mbili ya ukweli, ukigeuza waya zinasoma sifuri. Nimewahi kuona ugomvi mzima juu ya transfoma uliosababishwa na kipimo hicho. Mita yenye kipimo cha AC cha volti 2, ikipitishiwa kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 ya kuzuia DC, inaweza kukupa wazo. Lakini kwa kazi ya nyumbani, sikio na balbu za gari vinatosha.

Ikiwa pawa saplai peke yake iko salama na fyuzi inakatika mara tu bodi inapounganishwa, angalia kipoza joto kabla ya kuilaumu aisi. Kile kibati cha nyuma ya TDA7294 kimeunganishwa ndani na upande hasi. TDA2030 ni hivyohivyo. Kipoza joto kikigusa kasha, na kasha likiwa limeunganishwa na sifuri, upande hasi umepigwa shoti. Dawa ni kikaratasi cha maika au cha silikoni nyuma ya aisi, na kikombe cha plastiki kwenye skrubu, maana watu huweka maika vizuri kisha skrubu ya chuma inaharibu kazi yote. Pima omu kati ya kibati na kipoza joto kabla ya kuwasha.

Regyuleta zina mtego wa ukoo huohuo. Bodi ya toni mara nyingi inahitaji chanya 12 na hasi 12, kwa hiyo kuna 7812 na 7912 bega kwa bega. Zinafanana kwa sura na zinatofautiana kwa miguu. Kwenye 7812 mguu wa kwanza ni wa kuingilia, wa kati ni sifuri, wa tatu ni wa kutokea. Kwenye 7912 wa kwanza ni sifuri na wa kati ndio wa kuingilia. Kibati kinafuata mguu wa kati, kwa hiyo cha 7812 ni sifuri na cha 7912 ni hasi ghafi. Zifunge zote mbili kwenye bati moja bila maika na umeunganisha hasi na sifuri kwa mkono wako.

Regyuleta pia ndizo zinazoleta ule ugonjwa wa ajabu wa amplifaya inayovuma jioni tu. 7812 inahitaji kuingiziwa kama volti 14 au zaidi ili itoe 12 safi. Koili ya volti 12 yenye daraja inatoa 15.6 mchana, na kila kitu kinakwenda vizuri. Jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, umeme ukashuka hadi 190, hiyo 15.6 inakuwa 12.6, na viwimbi vinapita moja kwa moja hadi kwenye bodi ya toni na kutoka kwenye spika vikiwa mvumo. Mwenye nyumba anaapa kwamba amplifaya ina pepo. Koili ya volti 15 inamaliza pepo huyo.

Tukishafika kwenye mvumo, kitu cha kwanza ni kuujua ni wa aina gani. Programu za simu za kupima masafa ya sauti zitakuonyesha kilele kiko mara 50 au 100 kwa sekunde. Fupisha ingizo, yaani unganisha waya wa sauti na sifuri yake pale kwenye tundu. Mvumo ukinyamaza, unatoka kwenye chanzo cha muziki au kwenye waya zake. Ukibaki, uko ndani. Mvumo laini wa 50 mara nyingi unatokana na waya wa sauti kupita karibu na transfoma, na kuigeuza transfoma ya duara kidogo kwenye bolti yake huweza kuupunguza kwa namna ya kushangaza. Lakini kumbuka koili iliyogeuzwa na dayodi iliyokatika, nazo huleta 50. Ule wa 100 wenye ukali, unaokwaruza, ni wa vishindo vya kujaza kapasita.

Na hapa mara nyingi kosa si la kipuri chochote, ni la mahali waya ulipofungwa. Kipande cha waya kinachounganisha sifuri ya kapasita moja na sifuri ya nyingine kinapitisha vishindo vya mkondo ambavyo ni mara kadhaa ya wastani wa amplifaya. Ukinzani wake ni mdogo sana, lakini si sifuri, kwa hiyo kuna milivolti zinazoruka juu yake mara 100 kwa sekunde. Ukiufunga waya wa sifuri wa ingizo popote kwenye kipande hicho, umezichomeka hizo milivolti kwenye muziki. Ninavyofanya mimi ni kutoa waya mmoja mfupi mnene kutoka katikati ya kipande hicho, na kufanya mwisho wake kuwa nukta moja ya sifuri kwa amplifaya nzima. Sifuri za spika zinarudi hapo, za bodi zinarudi hapo, kila moja kwa waya wake. Waya unaokwenda ardhini nao unatoka hapo, na kama mvumo unaletwa na vyombo viwili vyenye ardhi, kati ya nukta hiyo na kasha unaweka rezista ya omu 10 sambamba na daraja la dayodi la ampea 25 au zaidi. Mvumo unakwama kwenye rezista. Hitilafu ya hatari ikitokea, dayodi zinaupitisha mkondo wote ardhini, kasha likiwa bado limefungwa ardhi moja kwa moja.

Siku hizi amplifaya ya kujitengenezea haikamiliki bila ile paneli ya USB na Bluetooth yenye kioo kidogo cha rangi. Paneli hiyo imeleta malalamiko mengi kuliko transfoma zote. Inahitaji volti 5, na njia inayokimbiliwa ni kuchukua 7805 na kuifunga kwenye upande chanya. Kikomo cha kuingizia 7805 ni volti 35, nasi tumeona upande chanya unafika 39. Hata ikivumilia, kushusha volti 33 hadi 5 kwa miliampea 150 ni kupoteza wati 4 na zaidi kama joto, kwenye kitu kidogo ambacho mara nyingi hakina hata kibati. Ndiyo maana inanuka.

Joto lake hata hivyo ni afadhali kuliko kelele. Paneli inaunganishwa na amplifaya kwa sifuri mbili, moja ya umeme na moja ya sauti, na mikondo ya ndani ya Bluetooth inachagua kupita kwenye ile ya sauti. Matokeo ni ule mlio mwembamba wa kidijitali unaobadilika simu inapotafutwa na kuunganishwa. Kujua kwa hakika, chomoa umeme wa paneli na uiendeshe kwa pawabenki, waya wa sauti ukibaki palepale. Mlio ukitoweka, paneli haina kosa, umeme wake ndio wenye kosa. Dawa ni kuipa chanzo chake kisichogusana na sifuri ya amplifaya: transfoma ndogo ya pekee yenye 7805 yake, au kile kigeuzi kidogo cha B0505S kinachotenganisha pande mbili, ambacho kinatoa hadi miliampea 200. Chaji ya simu ya bei nafuu iliyofichwa ndani ya kasha inaweza kufanya kazi, ingawa nyingine zina kelele zao wenyewe, na insulesheni zake sizipendi karibu na kasha la chuma.

Yote yakiwa sawa, rudisha balbu ya usalama kwenye waya wa moto na uunganishe bodi moja tu, bila spika, ingizo likiwa limefupishwa. Balbu iwake na kufifia. Pima DC kati ya tundu la spika na sifuri: chini ya milivolti 50 ni vizuri, hadi 100 inavumilika. Ukikuta volti 30, bodi ina shoti au upande mmoja wa umeme haujafika kwenye mguu wake, na spika yoyote utakayoiweka hapo koili yake itaungua mara moja. Ikiwa sawa, zima, subiri kapasita zizimike, unganisha bodi ya pili na urudie. Kisha ondoa balbu, weka fyuzi ya kuchelewa ya ampea 1, na spika ya kwanza kuijaribu iwe ile iliyochanika ambayo hakuna atakayeililia.